Ngatia Akiulizwa Hali

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa tatu asubuhi, Ngatia alifika kwenye kituo cha kununulia chai, katika vilima vilivyo juu ya Othaya, akiwa na kapu la majani mgongoni. Gicheru, karani wa mizani, alimsalimu kama alivyomsalimu kila mtu.

"Uko sawa?"

"Niko sawa," Ngatia akajibu, akazama ardhini hadi vifundoni.

Gicheru aliyapima majani, kisha akamwomba asogee kidogo kwa sababu alikuwa amezuia foleni. Ngatia aling'oa mguu mmoja wenye gambuti, halafu wa pili, akaenda nyumbani.

Kaka yake Kahiga alikuwa amefariki mwezi wa kwanza. Alijiua. Kanisani ilisemwa kwamba ni presha, na kwa kuwa waliosema hivyo walikuwa wengi, jambo hilo halikuzungumzwa tena.

Watu wa huko wana adabu, na mtu aliyefiwa huulizwa hali mara nyingi. Jumatano Ngatia aliulizwa na jirani, kisha na mwalimu mstaafu, akafika magotini. Alhamisi mchungaji alikuja na wazee wawili wa kanisa. Wote watatu walimuuliza kwa zamu, naye akawajibu wote watatu, akafika kiunoni hapo kando ya zizi. Mchungaji aliomba, akaahidi kuwatuma vijana waje na majembe Jumamosi. Walikuja, wakamchimbua vizuri, wakamsimamisha, na mmoja wao akamuuliza kama sasa yuko sawa.

Mkewe Gathoni alimletea uji, akamfunika mabega kwa gunia ukungu uliposhuka, akawafukuza kuku waliokuwa wakimkodolea macho. Jumapili baada ya ibada udongo ulikuwa umefika kwapani. Gathoni alipima kutoka kwenye udongo hadi kwenye kidevu cha mumewe, akapata vidole saba. Alirudia kupima. Kisha akaingia jikoni, akampigia simu Watiri.

Watiri alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alitembelea nyumba mia moja kwa miguu, akiwa na mkoba wa bluu na simu ya kazi. Watu walimwita daktari, ingawa alikuwa mkulima wa kabichi. Alifika kesho yake asubuhi, akafungua simu ile ajaze fomu. Ilikuwa na maswali ya homa, kikohozi, choo na chandarua. Ya kuzama haikuwa nayo. Aliirudisha simu mkobani, akalala kifudifudi kwenye nyasi ili watazamane.

"Baba Lynn, mimi sitakuuliza kama uko sawa."

"Asante, daktari."

"Nitakuuliza ingine. Umekuwa ukifikiria kujiua?"

Gathoni, aliyekuwa akikamua, akasimamisha mikono.

"Ndio," Ngatia akasema. "Tangu tumzike Kahiga. Asubuhi ndio mbaya."

Udongo ukaachilia makwapa yake. Alipanda vidole vinne.

"Niambie juu ya Kahiga."

"Kahiga hakuwa na presha. Ile siku ya mwisho tuliongea mbolea. Nusu saa, mbolea tu. Nikamuuliza kama ako sawa, akasema ako sawa, nikaenda, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na nilikuwa nimeanika mahindi."

Hapo akatoka hadi tumboni. Alipoanza kulia alipanda kwa haraka mno, Watiri ikabidi amshike mkono asianguke.

Walizungumza hadi adhuhuri. Gathoni alikuja na ndoo ya maziwa, akasema yeye amekuwa na hasira na ndugu wote wawili, aliye hai na aliyekufa, na kwamba hajui hasira hiyo aiweke wapi. Alipomaliza kusema, viatu vyake vikachomoka ardhini. Tangu mazishi alikuwa akizama hadi vifundoni kila aliposimama, akidhani ni matope.

Watiri alipiga simu hospitalini kuulizia muuguzi wa afya ya akili. Alikuwa mmoja tu, kwa eneo lote.

"Tarehe kumi na tisa, mwezi wa saba," sauti ikamjibu.

"Huyu mtu anazama."

"Wote wanazama, madam. Nipe jina niandike."

Basi Watiri akapanga ratiba yake mwenyewe. Kila asubuhi mtu mmoja angekaa na Ngatia mpaka jua lipande. Akaondoka na ufunguo wa stoo ya dawa za shamba, na Ngatia mwenyewe ndiye aliyemkabidhi.

Jumanne ilikuwa zamu ya Mburugu, Mmeru aliyeendesha lori la chai. Alikuja na mandazi, akakaa, akamsikiliza Ngatia kwa makini sana. Mwishowe Ngatia akamuuliza, "Na wewe?"

"Ati mimi? Mimi niko sawa kabisa," Mburugu akasema, akashuka hadi magotini.

"Karibu," Ngatia akamwambia, akamsogezea thamosi.

Siku hiyo majani ya chai yalichelewa kufika kiwandani.

Tarehe kumi na tisa Ngatia alikwenda hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, yeye na Watiri. Mlango wa muuguzi ulikuwa na kufuli, na karatasi iliyotaja tarehe nyingine, ya mwezi wa kumi. Nje kulikuwa na watu kumi na mmoja waliozama, kila mtu kwa kina chake, na mfagiaji alikuwa akifagia akiwazunguka. Askari wa lango alipita, akawasalimu wote kwa pamoja, "Mko sawa?" Nao wakamwitikia vizuri, safu nzima ikashuka kidogo.

Watiri akaenda kutafuta mtu wa kuuliza. Ngatia akabaki karibu na mama mmoja aliyekuwa amezama hadi mbavuni, akiuinua mkoba wake usiguse udongo.

"Mama, umetoka mbali?"

"Doldol. Tangu jana."

"Na asubuhi unaamkaje?"

Yule mama aliutazama mlango, akaitazama karatasi, kisha akamtazama yeye.

"Kaa chini kwanza," akasema. "Iko ndefu."

Ngatia akaupokea mkoba, akakaa.