Kopo la Kinyesi cha Bata

Wivu wa Soklian ungekuwa juu ya mwanamke wa nje, angalau majirani wangemwelewa. Lakini alimwonea wivu mkaza mwana wake mwenyewe, na wala si kwa uzuri au nguo. Alimwonea wivu kwa sababu ya swali. Kila asubuhi baada ya uji, mumewe Bunhok alimimina chai kwenye vikombe vidogo, akamsogezea msichana yule kimoja, akafumba macho na kuuliza, "Haya, unasikia harufu gani?"

Miaka yote ya ndoa Soklian alikuwa ameulizwa mengi. Maji yamechemka? Nani kavunja kikombe? Mbona sinia lina vumbi? Hilo la harufu hakuwahi kuulizwa hata siku moja.

Msichana mwenyewe aliitwa Wenjing. Hokseng, mtoto wao wa pekee, alimwoa majira ya baridi na kumleta kutoka Harbin, kaskazini kabisa, ambako watu hutupia majani kwenye chupa, wakaongeza maji mpaka jioni, na hiyo wakaiita chai. Siku ya kwanza alipoviona vikombe vya Chaozhou, mji wa wakwe zake huku kusini, alicheka. "Baba, hivi si vya wanasesere?" Mwezi haukuisha, kichaa kikampanda. Akienda sokoni anaulizia chai, akilala anaota chai. Alipanga vikombe viwili, akaonja huku, akaonja kule, akarudi huku, akipayuka bila haya. "Baba! Hii ina pichi! Hapana, ngoja, pichi iko kwenye ile. Hii ni kama maziwa... halafu kama duka la dawa mvua ikinyesha!" Na Bunhok, mtu aliyesifika mtaa mzima kwa ulimi mkali wa kuonja na mkali zaidi wa kusema, alitikisa kichwa polepole. "Enhe," alisema. "Endelea."

"Enhe, endelea," Soklian alimwigiza jikoni, mikono ikiwa ndani ya maji. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Chai zenyewe zilitoka mlima Fenghuang, kwa binamu yake Bunhok, kila moja na kopo lake la bati kabatini na jina la harufu yake: okidi ya asali, lozi, ua la tangawizi. Ya fahari ilikuwa kinyesi cha bata, ndiyo hiyo ya duka la dawa. Wenjing aliposikia jina hilo nusura amwage kikombe. "Ni jina tu," Bunhok alimwambia. "Wanasema mwenye mti wa kwanza aliogopa wezi. Watu wakimuuliza mbona chai yako inanukia hivi, anawaambia ni kinyesi cha bata hicho. Alikuwa na wivu na mti wake." Kule jikoni, Soklian alimwona mtu huyo kuwa na akili timamu.

Na kulikuwa na vikombe. Sinia la Chaozhou lina vikombe vitatu, muwe wawili au muwe kumi. Vikishanywewa vinasuuzwa kwa maji ya moto, vinazunguka tena. Asubuhi mezani walikaa Bunhok, Hokseng na Wenjing, basi hesabu ikawa imetimia. Ni kweli msichana alikuwa na adabu, kila mara aliinuka akaita, "Mama, njoo ukae hapa." Soklian alikuja, akanywa wima kama anayemeza dawa, akarudi kwenye vyombo vyake. Bunhok hakufumba macho wala hakuuliza. Kunywa ni kitu kimoja, kuulizwa ni kitu kingine.

Basi akaanza kujifunza peke yake. Wenzake walipoondoka mezani alilichukua buli lenye majani yaliyochoka, akatia maji, akaonja kwa siri kama mwizi wa sukari. Mwanzoni alisikia chai tu. Baadaye ya jana na ya leo zikaanza kuachana. Ile ya lozi iliacha kitu nyuma ya koo, kama kokwa lililovunjwa. Ya ua la tangawizi iliwasha kidogo puani, halafu ikapoa. Siku alipozitofautisha bila kuangalia kopo alisisimka mpaka akageuka kumwambia mtu, na jikoni hakukuwa na mtu. Siku hiyo ndiyo wivu wake uliota meno.

Chai mpya ya majira ya kuchipua iliposhuka kutoka mlimani, Bunhok aliwaalika wenzake waje kupambanisha chai, kama ilivyokuwa desturi yao. Mmoja alikuwa Ng Kiatsui, fundi cherehani mstaafu, mshindani wake tangu ujana. Wa pili alikuwa Mzee Sim, mtu mpole, ukimwambia mchana ni usiku atakuombea taa. Safari hii Bunhok alitangaza kwamba Wenjing atakaa nao mezani na kuonja. "Waone mtoto wa kaskazini anavyonusa!"

"Vizuri," alisema Soklian, akaenda kusugua sufuria ambalo halikuwa chafu.

Siku yenyewe asubuhi, kabla watu hawajaamka, alifungua kabati akabadilisha. Ua la tangawizi likaingia kwenye kopo la kinyesi cha bata, na kinyesi cha bata kikaingia kwenye kopo la tangawizi. Majani yalifanana, marefu, meusi, yamejipinda. Aliuona mchezo mzima kichwani. Msichana ataona kopo, atapayuka sifa za bata mbele ya wazee wa watu. Bunhok, ambaye chai haijamdanganya tangu azaliwe, atanusa mara moja na kusema, "Binti, wewe unasoma kopo, hunusi." Aibu ndogo tu, ya kumrudisha mtu kwenye kipimo chake. Hapo mzee ataangaza macho kutafuta pua nyingine nyumbani mle, na pua hiyo itakuwa imesimama mlangoni, imejifuta mikono.

Lakini wageni walikuja mapema. Wenjing alikuwa ametoka kwenda ng'ambo ya daraja kununua mipira ya nyama ya ng'ombe.

"Yuko wapi huyo mkwe mwenye pua?" Kiatsui aliuliza hata kabla hajakaa. "Au umemficha asione unavyopigwa?"

"Anakuja. Tumsubiri kidogo."

"Tumsubiri! Wewe Bunhok umeanza lini kusubiri? Maji yanalia hayo. Mimina, bwana!"

Bunhok aliangalia mlango. Akaangalia tena. Soklian, aliyekuwa ameleta karanga, aliona jambo ambalo hakulizoea kwa mume wake, woga. Mwishowe Bunhok alilifungua kopo la kinyesi cha bata, akaliinua mpaka puani, akavuta pumzi ndefu. Soklian alikaza mabega kungoja matusi.

"Bata wa mwaka huu," alisema Bunhok. "Mtalia."

Alitia majani kwenye buli, akamwaga maji ya kwanza, akamimina ya pili, buli likizunguka juu ya vikombe vitatu mpaka rangi ikalingana. "Sikieni hiyo," alisema. "Maziwa mwanzoni. Halafu kama duka la dawa mvua ikinyesha."

Soklian aliyajua maneno yale. Yalikuwa ya Wenjing, neno kwa neno.

Kiatsui alionja, akasita. Alimtazama Mzee Sim, na Mzee Sim akatazama kikombe chake. "Nzuri," alisema Sim. "Nzuri sana." Na Kiatsui, ambaye maisha yake yote hajawahi kuliacha kosa la Bunhok lipite bila kulipigia ngoma, aligonga meza kwa vidole viwili, kama unavyomshukuru mtu usiyemjua, akanyamaza.

Afadhali angetukana. Soklian alikumbuka siku uji ulipoungua mpaka jirani akapiga hodi, na mumewe amekaa pale pale anasoma gazeti. Alikumbuka yale macho yaliyofumbwa kila asubuhi. Bunhok hakuwa akimfundisha mtu kitu. Alikuwa akiazima pua. Na yeye Soklian, mkewe, ndiye aliyekwenda kumvua nguo mbele ya Kiatsui.

Alicheka kwa sauti, akapiga makofi. "Baba Hokseng, nimekubali, umeshinda! Mzee Kiatsui, kumbe na wewe mwoga hivyo?"

"Mwoga wa nini?" Kiatsui aliruka.

"Tulibishana jana! Mimi nikasema Kiatsui hawezi kunyamaza hata akifa. Yeye akasema, wawekee tangawizi, mimi nitaita bata, utaona watakavyoinamisha vichwa kama maharusi. Makopo nimebadilisha mimi, kwa mkono wangu huu!"

Kiatsui akapasuka kwa kicheko. "Mshenzi wewe! Nilijua! Nikasema huyu mzee pua imekufa, nikaanza kumlilia moyoni! Na wewe, Sim, eti nzuri sana!" Mzee Sim alicheka mpaka karanga zikampalia. Bunhok alicheka pia, akachelewa kidogo, huku akimtazama mkewe.

Walikunywa, wakabishana, na kila chai iliyofuata Bunhok aliwaachia wao waseme kwanza. Wageni walipoondoka wakiwa bado wanatukanana kwa furaha, alikaa akizungusha kikombe kitupu mkononi.

"Kwa nini ulibadilisha makopo?"

"Wivu," alisema Soklian. Hakuona sababu ya kulivisha neno hilo nguo. "Nilitaka mtoto yule aaibike. Kila siku unamuuliza yeye."

"Tangu ile homa ya mwaka jana sinusi kitu. Chai kwangu ni maji ya moto. Yeye akipayuka, mimi nakumbuka. Hajui lolote."

"Mimi sina pua?"

"Unayo. Ndiyo maana." Alikiweka kikombe chini. "Wewe ungejua siku ile ile. Huyu akinicheka, ni mtoto tu. Wewe ukianza kunihurumia, Mama Hokseng, nitakaa wapi ndani ya nyumba hii?"

Lilikuwa jibu zuri, na lilimgusa. Nusura amshike mkono. Lakini wivu una hesabu zake, haukubali kulipwa nusu.

"Hiyo ni tangu homa," alisema. "Na kabla ya homa? Ulipokuwa na pua yako nzima, nani alikukataza kuniuliza?"

Bunhok alilichukua buli, akamwaga majani yote, ingawa bado yalikuwa na nguvu, akalisuuza na kutia mapya. Chaozhou majani hubadilishwa hivyo mgeni akiingia. Kwa mtu wa nyumbani hakuna anayejisumbua, na Soklian hakuwahi kubadilishiwa. Alivuta kigoda cha Wenjing akakaa.

Bunhok alimimina, akamsogezea kikombe, akafumba macho.

"Unasikia harufu gani?"

Soklian alikuwa amedhani siku hiyo ikifika atacheka, au atammwagia mumewe chai usoni. Alinusa tu, akaonja. "Shuka," alisema. "Zimeanuliwa juani, bado zina moto. Halafu kuna ganda la chungwa... si bichi, lililokauka. Ngoja. Linarudi."

"Enhe," alisema Bunhok, na machozi yalikuwa yameanza kupenya kope.

Wenjing aliingia wakati huo na mfuko wa mipira ya nyama, amejaa jasho na habari. "Jamani, daraja lile leo! Wageni wamesha..." Akasita. Alimwona baba mkwe na macho yake yaliyofumbwa, akakiona kigoda, akamwona aliyekikalia. "Ah," alisema, akatabasamu kwa mdomo peke yake. Soklian alilijua tabasamu hilo. Alikuwa amelivaa mwenyewe tangu majira ya baridi, na alijua linavyouma shavuni.

Mezani kilikuwapo kikombe kimoja kisichoguswa. Angeweza kumsogezea. Angeweza pia kuinuka.

"Wenjing, mwanangu," alisema kwa upole, bila kugeuza kichwa, "hebu nenda jikoni ukatujazie birika."