Herufi za Bi Rukia

"Ongeza unene," ujumbe ulisema, na Sekela akaibwaga simu mezani kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

Ilikuwa mara ya saba. Sekela aliishi kwa kuchora herufi, katika chumba alichopanga Mwanjelwa, Mbeya: vibao vya saluni, nembo za maji ya chupa, mifuko ya unga. Safari hii mteja wake alikuwa Ruwaida, mwenye mashine ya kukoboa mpunga huko Rujewa, aliyetaka viroba vya mchele viandikwe jina la mama yake, BI RUKIA, kwa herufi nene za mviringo.

"Mama ni bonge," alimweleza siku ya kwanza. "Mtu akiona kiroba, amwone yeye."

Sekela alilipenda wazo lile. Alichora U yenye makalio mapana, K yenye miguu mifupi iliyojaa, na kila pembe akailainisha. Kazi ya kwanza ilikuwa nzuri, na alijua. Ruwaida akajibu, ongeza. Akaongeza. Ongeza tena. Kila herufi ziliponenepa, matundu ya ndani ya B, R na A yalizidi kubanwa, mpaka yakabaki kama punje za ulezi.

Alimpigia. "Dada Ruwaida, kiroba si karatasi. Kimefumwa, wino unatambaa. Haya matundu yataziba."

"Kwani mteja nani?"

"Ni wewe, lakini…"

"Basi nenepesha."

Akanenepesha, akatuma, akanawa mikono.

Wiki mbili baadaye Ruwaida alipiga akifoka. "Umeniharibia viroba! Njoo ujionee!"

Sekela alipanda basi asubuhi ile ile, na njia nzima alipanga maneno. Stoo ya Rujewa ilikuwa imejaa viroba vilivyokwisha kuchapwa. B ilikuwa donge, R donge lenye miguu, A kichuguu.

"Nilikuonya," alisema, akifungua simu. "Ujumbe huu hapa, soma."

Ruwaida hakuutazama. "Fundi wa kweli angekataa."

Sekela akamsogezea simu.

Hapo akaingia mama mtu mzima, mpana, akijikongoja kwa mkongojo. Sekela alimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia huku ameinamia kiroba.

"Kimeandikwa nini hiki?"

"Jina lako, mama," Ruwaida alisema, sauti ikishuka. "Nilitaka zinenepe kama wewe."

Bi Rukia alicheka mpaka akaegemea viroba. "Unene wangu siukatai. Lakini si napumua, mwanangu? Hizi mmezikaba roho."

Sekela alitoa kalamu nene mkobani, akageuza kiroba upande mweupe, akachora upya palepale. Matumbo ya herufi aliyaacha yajae kwa nje, ila matundu akayafungua wazi, makubwa kuliko jicho lilivyotaka, kwa kuwa wino ungekuja kuyala. Bi Rukia alifuata kila herufi kwa kidole.

"Bi… Ru… kia," alisoma. "Ehee. Huyu ndiye mimi."

Ruwaida alikuwa amekunja mikono. Aliinamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo," alisema.

Sekela alianza kuitoa tena simu. Akamtazama bibi, akairudisha. Alikikunja kiroba kile taratibu, akakitia mkobani kiwe kielelezo cha kazi mpya, akaomba maji ya kunywa.