Kidole cha Kidoti

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mikono Nyuma, na jina hilo alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtoto wa darasa la pili aliyesoma mbele yake bila kufunga mikono mgongoni. Kufuatisha maneno kwa kidole, alisema, ni kusoma kwa kuchechemea. Na yeye akishasema, kasema.

Basi akaja Kidoti, binti wa mdarizi wa sare, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi ya shavuni. Mtoto ana maneno huyo! Ukimwuliza moja anakujibu mawili. Lakini mpe kitabu uone balaa: "dada" kwake ni "baba", mstari anaouanza juu anaumalizia chini, wenzake hoi kwa vicheko. Alikuwa amesharudia darasa mara moja. Sasa mwalimu mkuu alitaka kumpima mwenyewe, Ijumaa, akifaulu apande la tatu, na akishindwa arudishwe la kwanza, akakae dawati moja na mdogo wake. Kidoti alikwishamwambia mama yake kwamba siku hiyo ikifika, shule basi.

Alhamisi jioni mwalimu alipita kwa mdarizi kumwandaa kwa habari mbaya. Chumba kilijaa masweta ya shule, mama mtu kaiinamia cherehani yake. Pembeni Kidoti alikuwa amepakata sweta lenye maneno ya kudarizi kifuani, macho kayafumba, anapitisha kidole juu ya uzi na kutaja herufi moja moja. Kwenye b kidole kilishuka na mti kwanza, ndipo kikazunguka tumbo. Kwenye d kilianza na tumbo. Hakukosea hata moja. Mwalimu aliganda mlangoni.

Mama akaeleza bila kuacha kazi. Mtoto akizitazama tu, herufi zinamchezea, zinageuzana. Akizichora kwa kidole, zinatulia. Nyumbani anasoma hivyo kila siku. Mwalimu akauliza mbona yeye hakuambiwa. Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mwalimu, si wewe ndiye unayewafunga mikono?"

Lo, maneno yalimwingia hayo. Njia nzima alijisuta: mtoto kapambana zaidi ya mwaka mzima huku amefungwa, na aliyemfunga ni yeye, tena kwa kujigamba.

Ijumaa ofisini, mwalimu mkuu akafungua kitabu cha hadithi ambacho mtoto hajapata kukiona. Kwa mazoea, Kidoti akapeleka mikono nyuma. Mwalimu akaishika yote miwili, akairudisha mezani.

"Soma unavyosoma kwenu."

Mkono wa kushoto ukashikilia mstari. Kidole cha kulia kikawa kinachora kila herufi juu ya meza, kinasita, kinarudi, kinachora tena. Neno moja lilimgomea. Akalirudia mara tatu mpaka likakubali. Jasho lilimtoka puani. Mwalimu alikuwa amesikia mamia ya watoto wakisoma kama maji ya bomba, na hakumkumbuka hata mmoja. Huyu alikuwa analima shamba la mawe kwa jembe la mkono, na haruki hata tuta moja. Alimstahi, wallahi. Yeye mwenyewe, mtu mzima na vyeti vyake, angekuwa amelitupa jembe zamani.

Ukurasa ukaisha. Mwalimu mkuu akatazama saa: dakika sita, na wenzake humaliza kwa moja.

"Amechelewa sana," akasema.

"Lakini amefika, mkuu."

Mkuu akamwuliza mtoto hadithi inahusu nini. Kidoti akasimulia ukurasa wote, fisi alivyotumbukia kisimani, na hata tusi la fisi hakulisahau. Mkuu akakohoa kuficha kicheko, akavuta fomu, akaandika kwa herufi kubwa: aende darasa la tatu.

Mwalimu akageuka kumpongeza. Kidoti hakuwa na habari. Alikuwa ameshafunua ukurasa wa pili, kidole kiko mezani, anatafuta fisi ametokaje kisimani.