Nchi ya Walengwa

Siku ile nilirudi kutoka mkutano wa mtaa nimenyong'onyea, mwanangu Sikudhani mgongoni, maneno ya watu bado yakinichoma. Walikuwa wakichagua walengwa, yaani kaya maskini za kupewa ruzuku, na jina langu lilipotajwa, baba mwenye nyumba wangu akasema kutoka nyuma, "Mtoto ana mashavu kama andazi, huyo naye maskini?" Watu wakacheka, mwandishi akanikata. Nikaambiwa nirudi kesho kukata rufaa, nije na mtoto atazamwe. Njiani jirani yangu Mama Chiku, ambaye ananipenda kweli, alinishauri nimvike matambara na asubuhi nisimnyonyeshe, ili afike mbele yao akilia njaa. Jua halijazama nikajilaza naye anyonye, na katika kuwaza kama nitaweza kumnyima, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika nchi ya vumbi la kijivu, isiyo na ndege wala upepo, mwanangu kifuani, katika foleni ya kina mama isiyo na mwisho, kila mmoja na sufuria yake. Mbele yetu palikuwa na ukuta, na ukutani mlango mwembamba kama ufa, na juu yake amekaa bwana mmoja mwenye macho mwili mzima kama matundu ya chekecheo, ameshika upinde. Mwanamke aliyejifunika gubigubi alipita akifunua sufuria zetu na kuzinusa. Nikamuuliza mama wa mbele yangu hawa ni nani. Akanijibu bila kugeuka kwamba huyo ni Bi Aibu, yule wa juu ni Bwana Shaka, na sisi ndio walengwa. Hapo nikaliona duara jekundu lililochorwa mgongoni kwake, nami nilipojitazama nikalikuta langu kifuani, na katikati yake kichwa cha Sikudhani.

Aliyesema amepata kibarua cha kufua, alichomwa mshale. Aliyesema kuku wake ameangua, naye vilevile, kwa hiyo tuliobaki tulinong'onezana tufiche hata vicheko. Zamu yangu ikafika. Bwana Shaka akaniangalia kwa macho yote, akasema taratibu, "Mtoto mzito. Mpunguze." Mikono yangu ikaanza kumkamua, mimi mwenyewe, mama yake, naye akawa mwepesi kama furushi la pamba, kilio chake kikawa cha kifaranga. Na la kutisha kuliko yote ni kwamba nilifurahi, kwa sababu mlango ulikuwa unafunguka.

Mkono ukanishika begani. Alikuwa mama mnene mwenye masizi viganjani, ananuka moshi wa kuni, akaniambia anaitwa Utu, nimfuate. Tukauzunguka ukuta mpaka kwenye sufuria kubwa kama zile za msibani, na kila aliyefika alipakuliwa bila kuulizwa jina. Nikamwona baba mwenye nyumba wangu ameshika sahani. Nikaghadhibika, nikauliza, "Hata huyu?"

"Hata huyu, binti yangu. Sahani yake ni moja kama yako, lakini kuni ameleta mkokoteni mzima, maana msitu anao. Umewahi kwenda msibani ukaulizwa kwanza kama kwako mmekula?"

Nikamuuliza kuhusu wavivu. Akanionyesha waliokwisha kula: huyu anachukua jembe, yule anarudi kwenye cherehani yake, na wachache, hakunificha, wamelala kivulini. "Kwa ajili ya hao wachache," akasema, "nimweke Shaka mlangoni, awachome wote?" Kisha akamgusa mwanangu shavuni. "Mrudishie uzito wake."

Nikaamka. Jua lilikuwa bado dirishani, na mkono wangu umekufa ganzi kwa uzito wa Sikudhani, nikaishukuru ganzi ile. Mlengwa. Neno lile nimelisikia mikutanoni miaka yote nisilisikie: anayelengwa husimama mbele ya mshale, na ili apone inabidi ampunguze mwanawe.

Kesho nitamnyonyesha mpaka acheue, nimvike gauni la njano alilopewa na shangazi yake. Sitasema mimi ni maskini kuliko Mama Chiku. Nitaomba tuandikwe sote, nyumba kwa nyumba, bila kufunuliwa sufuria, na aliyenicheka aandikwe pia, alete na kuni zake. Najua watacheka tena. Lakini mashavu ya mwanangu nakwenda nayo jinsi yalivyo.