Ukuta wa Bi Kidawa

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, Kibaha iliamka na manyunyu mepesi yaliyokatika kabla ya saa moja, kisha upepo wa baridi ukaanza kuvuma kutoka kusini. Kwenye kituo cha Kwa Mathias, kwenye benchi la muuza chapati, mashabiki wa timu ya chuo walikuwa wakisubiri Coaster ya kuwapeleka Kisarawe kwenye fainali. Kama ilivyo ada, walikuwa wanabishana kuhusu mabeki.

Hakuna aliyebisha kwamba mabeki wale wanne wakijipanga, upepo haupiti. Hilo lilijulikana tangu Machi. Kwenye mazoezi vumbi lilikuwa likifika mbele ya vifua vyao na kutua chini, na siku moja kuku wa mtaa wa Tangini aliwasogelea, akasimama, akawaza, akazunguka pembeni. Ubishi ulikuwa juu ya mbinu. Mfaume, fundi wa redieta, alishikilia kwamba siri ni miguu: beki akiegemea visigino amekwisha, lazima uzito uwe kwenye vidole. Evaline, karani na mwanakwaya, alisema siri ni kufunga mikono nyuma, kwa sababu mkono ukiwa mbele unaupa mpira mawazo. Mfaume akamwambia mpira hauna mawazo, wenye mawazo mengi ni yeye na sauti yake ya tatu. Twalibu, aliyekuwa na skafu ya timu shingoni, akasema wote wawili wanapoteza muda, kazi yote ni ya kocha, Mwalimu Brighton.

“Brighton aliukuta ukuta umeshasimama,” Mfaume alisema. “Aliyeupanga kakaa hapo na ndoo.”

Bi Kidawa alikuwa amekaa mwisho wa benchi na ndoo zake mbili za maji ya wachezaji. Yeye ni mpishi wa chuo. Mwezi wa pili alipokuwa akipeleka maji uwanjani, aliwaona vijana wamesimama ovyo kwenye mpira wa adhabu, kila mmoja na mwanya wake, akashindwa kuvumilia. Msikitini kwao ni yeye anayenyoosha safu ya wanawake: bega kwa bega, kisigino sawa na kisigino, pasibaki nafasi ya shetani kupita. Akaweka ndoo chini, akawapanga vivyo hivyo. Siku ya tatu upepo ukaacha kupita, na Mwalimu Brighton, ambaye si mtu wa majivuno, akamwomba aendelee kila Jumanne na Alhamisi.

Sasa mkuu wa chuo alikuwa ametangaza kwamba aliyewafundisha mabeki atapelekwa kozi ya ukocha, wiki sita, nafasi moja, na jina litasomwa siku ya fainali. Bi Kidawa, katika miaka yake hamsini na miwili, hakuwahi kutamani kitu kama alivyoitamani nafasi ile. Alfajiri aliswali rakaa mbili za haja, akaitaja kozi kwa jina lake kamili, asije akapewa nyingine kwa makosa. Lakini kwenye orodha ya benchi la ufundi, mbele ya jina lake paliandikwa “maji”.

Coaster ilipofika, Evaline aliombea safari, wote wakaitikia amina, na ubishi ukaendelea palepale ulipoishia mpaka Kisarawe.

Kibaha walipata bao mapema. Dakika ya tisini wenyeji wakapewa mpira wa adhabu karibu kabisa na lango. Mabeki wanne wakajipanga. Bi Kidawa alikuwa nje ya kamba.

“Bega, wanangu,” alisema.

Mpira ulikuja kwa kasi. Ulipobakiza hatua moja ulisimama hewani, kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha ukaanguka. Mashabiki wa Kisarawe walipiga makofi kiungwana. Mmoja wao alisema ukuta ni mzuri, ila yule wa pili kutoka kushoto anainamisha kichwa, na Mfaume akakiri kwamba hilo amelisema tangu Aprili. Kipenga cha mwisho kikalia. Kipa alikuwa nyuma ya ukuta, hakukisikia, akabaki ameinama dakika nne mpaka mtu alipozunguka kumjulisha.

Mabeki, kwa heshima, walikwenda kujipanga mbele ya jukwaa bila kuacha mwanya, kusubiri medali. Mgeni rasmi akaanza hotuba, na hotuba haikupita. Maneno yalifika kwenye ukuta na kudondoka kwenye nyasi, moja moja, kama korosho zilizokomaa. Mashabiki walizunguka mbele, wakawa wanayaokota na kuyaweka sikioni. Twalibu aliokota “Mwalimu Brighton” mara tatu, na “ubunifu” mbili. Mfaume alipiga magoti, akapekua nyasi kwa vidole mpaka suruali ikalowa. Mwisho Evaline akainuka na kitu kiganjani.

“Sikiliza, Bi Kidawa.”

Bi Kidawa aliliweka sikioni. Lilikuwa “na maji yalikuwa safi”.

“Tafuta tena,” Mfaume alisema.

“Nimetafuta, kaka. Ni hilo tu.”

Bi Kidawa alilifunga neno lile kwenye pindo la khanga, akaenda kupakua pilau.

Barua ya kozi alipewa Mwalimu Brighton. Aliisoma mara mbili, akamfuata mkuu wa chuo, akamweleza kwamba ukuta ni wa Bi Kidawa. Mkuu alimsikiliza kwa upole, kisha akamwonyesha orodha. Mtu wa maji hawezi kupelekwa kozi ya ukocha, alisema, labda itokee kozi ya maji.

Pilau lilikuwa zuri. Watu wa Kibaha na wa Kisarawe walikula sahani moja, wakabishana kuhusu visigino. Ndipo Mwalimu Brighton akasimama, macho yamemlowa, akaweka mkono kifuani mbele ya mashabiki, mabeki, mkuu wa chuo na mgeni rasmi.

“Bi Kidawa,” alisema, “naahidi mbele ya hawa wote. Nikirudi kutoka kozi, mtu wa kwanza nitakayemfundisha kupanga ukuta ni wewe.”