Maporomoko ya Bomba la Inchi Nne

Barua ilitoka juu, kama zinavyotoka barua zote za usumbufu. Ilitaka kila manispaa ibainishe vivutio vyake vilivyo karibu na makazi ya watu, hasa vile visivyo vya kawaida, ili wananchi waache kwenda kushangaa vya wenzao wakati vya kwao vinalala bure. Mwisho wa mwezi wangekuja wageni kutoka makao makuu kuvikagua. Sasa manispaa yenyewe ilikuwa na soko, stendi, ofisi ya maji isiyo na maji na makaburi yaliyokwisha kujaa. Kivutio hakikuwepo hata cha dawa.

Kazi hiyo akatwishwa afisa mmoja wa mipango, ambaye meza yake ilikuwa safi mwaka mzima kwa kuwa hakuna jambo lililowahi kufanyika juu yake. Kwa jinsi alivyolipenda neno "mandhari" kwenye vikao, watu walishalisahau jina lake la kuzaliwa wakamwita Mandhari, naye akaitika kwa raha zake. Tatizo lake lilikuwa moja tu: mji hakuujua. Alijua njia ya nyumbani kwenda ofisini, na ya ofisini kwenda kantini. Ndipo akaazimwa Spana, fundi bomba wa idara ya maji, maana fundi bomba anajua kila uchochoro, kila ua na kila mbwa wa kila ua.

Spana hakulalamika. Miaka kumi na mitatu alikuwa akizunguka kwa baiskeli na boksi la vifaa mgongoni, na leo anafunguliwa mlango wa gari la ofisi lenye kiyoyozi. Alikaa mbele, akateremsha kioo ili aonekane vizuri, akapandisha tena baada ya kuhakikisha ameonekana.

Kwanza walifika kwenye zahanati iliyokwama ghorofa ya kwanza tangu pesa zake zipotee njiani. Vichaka vilikuwa vimeota vyumbani na mbuzi wawili walikuwa wamelala mahali palipokusudiwa kuwa chumba cha kujifungulia.

"Magofu ya kale," Mandhari akasema huku akiandika.

"Yana miaka sita, bosi."

"Kale ni kale."

Kutoka hapo wakaenda kuona barabara mbili ambazo makandarasi wawili walizianza kila mmoja upande wake wakiahidiana kukutana katikati, wakapishana kwa hatua hamsini. Mpaka leo kila moja inaishia kwenye ukuta wa mtu. Mandhari aliziandika "Barabara Zisizoonana" na akasema mahali hapo pana huzuni fulani itakayowapendeza wapenzi. Halafu ikaja taa ya barabarani inayowaka mchana na kuzimika giza likiingia. Mandhari alisimama chini yake, saa sita mchana, akaitazama inavyowaka, akatikisa kichwa kwa upendo.

Spana alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Lakini wakati anafuta machozi, wazo likamjia, na akaliona la kijanja kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Huyu bwana anakaa jengo moja na mkurugenzi. Wanakunywa chai pamoja. Mbona nisimpeleke akaone uchafu wetu mkubwa kuliko wote, aone haya, akapige kelele huko juu?

"Kuna sehemu moja, bosi," akasema. "Ila inatia aibu."

Wakapanda mpaka machimbo ya zamani ya kokoto. Bomba la inchi nne, lililokuwa linapeleka maji mtaa wa chini, lilipita ukingoni juu ya machimbo hayo, na hapo kwenye kiungo lilikuwa limepasuka miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu siku hiyo maji yote ya mtaa wa chini yalikuwa yanamwagika ukutani, mita nane kwenda chini, na kutengeneza dimbwi. Wanawake walikuwa pale na ndoo zao, madumu yao na nguo za kufua. Mmoja wao alikuwa mama yake Spana, mzee wa miaka sitini na tisa, aliyeishi mtaa wa chini na aliyekuwa na koki uani kwake ambayo kazi yake pekee ilikuwa kufungiwa kamba ya kuanikia nguo.

"Yule ni mama yangu mzazi," Spana akasema kwa sauti ya kumchoma. "Anapanda hapa mara mbili kila siku. Ripoti nimeandika mara kumi na moja. Fomu inataka sahihi tatu, na ikifika kwa wa tatu, wa kwanza keshahamishwa, inarudi kuanza upya."

Mandhari hakuwa anasikiliza. Alikuwa amevua miwani. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Maporomoko," akanong'ona. "Tuna maporomoko, na mlikuwa mmeyaficha!"

Spana alimleta mtu aone aibu, mtu kaona mandhari.

Mambo ambayo kwa kawaida huchukua miaka yalichukua wiki tatu. Ukajengwa uzio wa waya na geti. Yakaja mabenchi ya zege yaliyopakwa rangi ya kijani. Mlinzi akavalishwa sare. Kibao kikasimamishwa kuwakaribisha wageni, na chini yake, kwa herufi nyekundu, kikaeleza kwamba hairuhusiwi kuingia na ndoo, dumu, beseni wala nguo chafu, kwa sababu zinaharibu picha. Idara ya maji nayo ikapata waraka: maporomoko sasa ni kivutio, hakuna fundi kuyagusa, na fomu za matengenezo ya eneo hilo zisipokelewe. Karani wa idara alishukuru sana kwa kupunguziwa kazi.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, Spana alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda uani, ndoo tupu miguuni.

"Shikamoo mama."

"Sina marahaba ya kumpa mtu leo. Nimefukuzwa getini. Mlinzi anasema ndoo yangu inaharibu picha. Nikamwambia basi niache ndoo, niingie na sufuria. Akasema sufuria ni binamu yake ndoo."

"Mama, ni agizo la juu, sisi huku..."

"Nimemwomba jirani maji ya kunywa. Amenipa kikombe. Kikombe, mwanangu! Na yeye kayafuata mtoni, saa nzima kwenda na kurudi. Kesho kutwa nitamwomba nani? Kamuulize huyo rafiki yako wa kwenye gari, mimi ni mandhari au takataka?"

Spana alichukua ndoo, akaifunga nyuma ya baiskeli na kwenda mtoni mwenyewe. Njia nzima alimlaani Mandhari, akamlaani mlinzi, akamlaani mkurugenzi na waliotoa barua ya kwanza. Ilikuwa orodha ndefu, na jina lake mwenyewe halikuwemo.

Siku ya uzinduzi Mandhari alikuwa amepanga kila kitu kama mtu anayeoza binti. Maji yafungwe tangu alfajiri kwenye chemba ya valvu iliyo juu ya machimbo. Wageni wafike saa nne, mkurugenzi akate utepe, na hapohapo Spana afungue valvu yote, maji yashuke kwa nguvu ambayo haijapata kuonekana.

"Ukichelewa hata dakika moja," Mandhari akamwambia, "unga wako umemwagika."

Kwa hiyo saa tatu asubuhi Spana alikuwa juu ya machimbo peke yake, nyuma ya kichaka, bomba limekauka mbele yake. Huko chini alisikia vipaza sauti vikijaribiwa. Akakaa juu ya boksi lake la vifaa kukitazama kiungo kilichopasuka, na kiungo kikamtazama.

Walikuwa wanafahamiana. Yeye ndiye aliyekifunga, mwaka wake wa kwanza kazini, siku ya Ijumaa, akiwa na haraka ya kwenda harusini. Alisahau kuweka mpira wa kuziba. Aligundua jioni ileile alipoukuta mpira mfukoni mwa suruali yake, akasema atarudi Jumatatu. Jumatatu kiungo kikawa kimepasuka, na fomu ikauliza sababu. Akaandika "uchakavu," kwa bomba lililokuwa na miezi minne. Tangu hapo aliogopa kulisogelea, asije akatokea mtu mwenye akili akauliza maswali. Ripoti kumi na moja alikuwa ameziandika kweli, na kila iliporudi bila sahihi alikuwa anapumua. Hakuwahi kumwambia mtu hilo, na yeye mwenyewe hakupenda kulikumbuka.

Alifungua boksi. Chini kabisa, chini ya misumeno na nyuzi, kilikuwepo kibano cha chuma chenye mpira ndani, cha inchi nne. Stoo walimpa miaka saba iliyopita, kikae tayari kusubiri sahihi. Kutu kidogo tu.

Alijua wazi kitakachomkuta. Ana wanawe wawili shuleni na mke asiyependa maelezo marefu. Lakini lile neno la kikombe halikuwa limemtoka masikioni. Akachukua brashi ya waya, akasugua bomba, akakivisha kibano, akaanza kukaza nati moja baada ya nyingine.

Saa nne na robo mkurugenzi alikata utepe. Makofi yakapigwa. Wageni waliovaa kofia pana wakainua simu zao kuelekea ukutani. Spana akafungua valvu yote, kama alivyoagizwa.

Ukuta ukabaki mkavu. Chura mmoja alitoka kwenye ufa, akawaangalia viongozi, akarudi ndani. Simu ya Spana ikalia.

"Fungua!" Mandhari alikuwa anafoka kwa kunong'ona.

"Nimefungua, bosi."

"Yako wapi sasa?"

"Yako kwenye bomba."

Kabla Mandhari hajatafuta tusi la kumfaa, kelele zilisikika kutoka mtaa wa chini. Vigelegele, sufuria zikigongwa, watu wakiitana majina. Wageni wakageuza shingo. Hapo ndipo Mandhari, aliyekuwa amepauka, alipothibitisha kwamba hakupewa cheo kwa bahati. Alichukua kipaza sauti.

"Waheshimiwa wageni," akasema, "hapa tulikuwa tunapasha moto tu. Kivutio chenyewe kiko kule. Nifuateni!"

Msafara mzima ukateremka mpaka uani kwa mama yake Spana, kwa kuwa ua wake ndio uliokuwa wa kwanza. Koki ilikuwa imekohoa, imetema kutu, imetema mjusi mkavu, na sasa ilikuwa inatoa maji meupe mazito. Kamba ya nguo ilikuwa bado imening'inia shingoni mwake.

"Tazameni!" Mandhari akatangaza. "Koki ya nyumbani, inayotoa maji. Katika eneo hili tukio hili halijaonekana kwa miaka kumi na miwili!"

Wageni waliguna kwa mshangao. Picha zikapigwa za mbele, za ubavu na za kuchuchumaa. Mgeni mmoja aligusa maji kwa kidole kuhakikisha. Mwingine akamwomba bibi asogee kidogo na ndoo yake ili koki ionekane yote.

"Sogea wewe," bibi akajibu. "Mimi nakinga."

Wakacheka wote, wakasema bibi huyu ana vituko, wakampiga picha na yeye. Mkurugenzi alicheka nao kwa mdomo. Walipokuwa wanatoka alimsogelea Spana aliyekuwa ameshafika na kusimama kando ya ukuta, amelowa mpaka magotini.

"Jumatatu, ofisini kwangu," akasema taratibu. "Uje na maelezo ya maandishi."

Magari yakaondoka. Majirani wakakimbilia koki zao. Spana akabaki uani na mama yake, na pamoja na ile Jumatatu iliyomsubiri, kifua kilikuwa kimemjaa. Alijiona mwanamume. Alijiegemeza ukutani akisubiri baraka, na alikuwa tayari kuzipokea kwa unyenyekevu.

Mama yake alijaza ndoo ya tatu. Akanawa uso, akanywa kwa kiganja, akanawa tena.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Umefanyaje?"

"Nimefunga kibano pale kwenye kiungo. Nilikuwa nacho kwenye boksi."

"Ilikuwa kazi kubwa?"

"Kubwa si kubwa. Inataka ujuzi tu."

"Imekuchukua muda gani?"

Spana alikuwa bado anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomponza. Laiti angefikiri kwanza, angedanganya.

"Dakika arobaini," akasema. "Pamoja na kupumzika."

Mama yake alifunga koki. Akaitazama mikono yake, kwanza mgongoni, halafu viganjani, palipokuwa na sugu za mshikio wa ndoo. Halafu akamtazama mwanawe, fundi bomba wa manispaa, toka utosini mpaka kwenye viatu vilivyolowa.

"Dakika arobaini," akasema.

Alibeba ndoo moja, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo. Aibu ilimpanda Spana mpaka masikio yakamwaka moto. Alibisha, akaita "mama" mara mbili. Ndani alisikia maji yakimiminwa kwenye sufuria.