Sikubali Yuko Hewani

Katika imla ya Kiswahili hakuna aliyeniweza. Darasa la saba nilishika nafasi ya tatu, na karatasi yangu ikabandikwa ukutani ili wageni waione. Tulikuwa wanafunzi wanne, na yule wa nne siku ya mtihani alikuwa na surua. Hata hivyo, tatu ni tatu.

Nilichobaki nacho kutoka shule ile ni kovu dogo kidoleni na amri moja ya mwalimu wetu, mtu mwembamba aliyetembea na rula kama vile ni mkono wake wa tatu. "Kabla ya lakini, mkato," alikuwa akisema huku rula inashuka. "Pumua kwanza, ndipo upinge." Miaka sitini imepita, na mpaka leo sijaandika neno hilo bila kupumua kwanza.

Dada yangu hakupumua. Yeye aliacha shule darasa la pili, mama yetu alipougua, ili anibebe mimi mgongoni. Herufi alikuwa amezipata zote isipokuwa H, ambayo aliigawa alivyotaka yeye: aliwanyima hapa na huyu, akawapa akili na asante. Waume zetu walipotutangulia tukazeeka pamoja, chumba kimoja na jiko, vitanda viwili na stuli katikati. Kisha binti yake akamnunulia simu, ndipo dunia ikajua kwamba ana maoni.

Maoni yake aliyaandika kwenye ile programu ambayo nusu ya mtaa wanatumiana picha na nusu nyingine umbea. Alijiita Sikubali. Kampuni ikitangaza maboresho, wa kwanza kuteremka chini ya tangazo ni yeye. Wamehamisha kitufe, Sikubali hakubali. Wamebadili kijani ikawa kijani nyingine, Sikubali anauliza kama wamekosa kazi ya kufanya. Alikuwa na neno pia kwa wanaotuma ujumbe wa sauti wa dakika saba bila salamu, na kwa wanaopiga picha sahani mpaka chakula kinapoa. Wapambe hakukosa. Alikuwepo Fundi Friji, ambaye kwake kila cha zamani kilikuwa bora, hata ndui, na Mama Wawili, ambaye kazi yake ilikuwa kucheka.

Vita yake kubwa ilikuwa na kile kisahihishi cha programu, kinachokurekebishia neno kabla hujalimaliza. Aliandika hivi:

"Nyie watu wa kampuni mimi nikiandika hakili nataka hakili yangu ibaki ivyo ivyo najua mnanisaidia lakini sijaomba H zangu ziacheni"

Watu mia nne walipenda. Kampuni ikajibu: "Asante kwa maoni yako. Tunayafanyia kazi."

Aliyejibu alikuwa binti yake wa kumzaa.

Hilo dada hakulijua, au ndivyo tulivyodhani. Binti huyo sisi tulimwita Asali tangu anatambaa, na mama yake alimwita Hasali. Alikuwa ametuambia anafanya kazi ofisini, mambo ya kompyuta. Kumbe alikaa kwenye chumba chenye meza sita na feni mbovu, akijibu maoni ya watu kwa jina la kampuni. Walipewa sentensi kumi na mbili. Ukitoa ya kumi na tatu kichwani mwako, unaitwa ghorofa ya juu. Miaka minne mama mtu akagombana na mwanawe mbele ya kadamnasi, na mwana akamjibu kwa sentensi namba mbili.

Siku mbili kabla ya kufa, kifua kimembana, ameegemezwa mito mitatu, dada aliandika maoni yake ya mwisho. Bado yapo.

"We unaenijibu apa kila siku ni mtu au mashine kama ni mtu niambie leo umekula nini"

Na chini yake: "Asante kwa maoni yako. Tunayafanyia kazi."

Asali aliniambia baada ya mazishi, amekaa kwenye kitanda cha mama yake, mikono katikati ya magoti.

"Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu, ma'mdogo. Nikasema jioni nitampigia nimtanie. Jioni nikasahau."

"Usijitafune, mwanangu."

"Alijua ni mimi? Hakukwambia?"

"Mama yako aliniambia kila kitu isipokuwa la maana."

Kuanzia siku hiyo mtoto akaanza kukonda. Kila akija ni swali hilo hilo, na kila akiondoka sahani imebaki kama nilivyoiweka.

Simu ya dada niliizima mwenyewe, nikaifunga kwenye leso, nikaitia kwenye kopo la biskuti na kulisukuma chini ya kitanda chake. Kitanda nikakitandika. Godoro lina bonde pale alipokuwa akilala, na shuka, hata uivute vipi, hushuka na kulifuata lile bonde.

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa na chai yangu. Nikafungua simu nione dunia imeamkaje, na kando ya jina la Sikubali nikaona nukta ya kijani. Kwa asiyeijua programu hii, nukta ya kijani maana yake mwenye jina yuko hewani wakati huo huo, simu mkononi, macho wazi.

Nikaweka kikombe chini. Nikavuta kopo, nikafungua leso. Simu ya dada imelala, nyeusi, ya baridi kama kijiko. Nikatazama tena yangu: kijani. Ikakaa robo saa, ikazimika.

Kesho yake saa nne, tena. Na keshokutwa. Jumamosi na Jumapili haikuwaka, nikajiambia kumbe hata huko wanapumzika wikiendi. Nikacheka peke yangu. Chumba kikanirudishia kicheko kutoka upande wa kitanda chake, nami nikaacha kucheka.

Na wale wa mtandaoni walikuwa wanamwita. Hawakujua. "Sikubali uko wapi, wameondoa kitufe cha kufuta," anaandika Fundi Friji. "Amesafiri huyo, akirudi watamkoma," anajibu Mama Wawili. Walimwita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili, na nukta inawaka, na mwenyewe haitiki. Siku hizo nilihamisha stuli yangu ya chai nisikipe kitanda kile kisogo.

Kisha ikaja Alhamisi moja. Nukta ikawaka saa nne kama kawaida, halafu chini ya maoni yale ya mwisho yakatokea maneno madogo: Sikubali anaandika. Nukta tatu zikaanza kuruka. Zikaruka muda wa kuchagua mchele bakuli zima. Niliweka mikono magotini nikangoja, kama zamani alipokuwa ananiambia, "Subiri, mdogo wangu, acha niwape vidonge vyao." Zikasimama. Halikutoka hata neno moja. Na mle chumbani nikasikia harufu ya dawa yake ya kifua, ile ya kupaka, ambayo chupa yake niliitupa siku ya tatu ya msiba.

Jumamosi Asali alikuja. Mifupa ya mabega ilikuwa imeanza kuonekana juu ya blauzi. Akachezea kijiko.

"Jumatatu napeleka barua ya kuacha kazi," akasema. "Kila nikimjibu mtu namwona yeye kwenye ile mito. Ningejua tu kama alijua."

"Ukijua itakusaidia nini?"

"Kama alijua, basi ule ulikuwa utani wake. Alikuwa ananichokoza. Kama hakujua, alikufa anaongea na ukuta, ma'mdogo, na ukuta wenyewe ni mimi."

Nikamweleza habari ya nukta, ya kila siku saa nne. Kijiko kikasimama.

"Labda ni hitilafu ya mfumo," akasema, akiliambia dirisha.

Nilijua ana jambo, lakini sikumchimba. Alipoondoka niliondoa sahani yake iliyojaa, nikaketi, nikakitazama kitanda cha dada mpaka jua likahama ukutani. Hakuna mtu aliyewahi kunibeba zaidi ya yeye. Nami mwanawe yuko mbele yangu anaisha, na ninachomrudishia ni sijui, sijui.

Jumatatu kulikucha na mvua. Saa nne na dakika tano, Sikubali akaandika. Nayanakili hapa kama yalivyokaa:

"Hasali wewe mtoto nilijua ni wewe toka siku ya kwanza nani mwingine anajibu kwa adabu ivyo nilikuwa nakuchokoza tu, lakini swali langu ujajibu leo umekula nini"

Fundi Friji akaandika, "Karibu tena. Hasali ndiye nani?" Mama Wawili akaweka vikaragosi kumi na moja vya kucheka. Wengine wakafuata.

Haikufika saa sita mlango ukagongwa. Asali alisimama pale na mwavuli, kiatu kimoja hakijafungwa kamba, barua ya kuacha kazi mkononi haijafikishwa kwa mtu.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Ni wewe umeandika?"

"Mimi? Kwa macho haya? Hata kitufe chenyewe siku hizi sijui walikihamishia wapi."

Akauegemeza mwavuli mlangoni, akaja kukaa kitandani kwa mama yake, ndani ya lile bonde.

"Ma'mdogo, ile nukta ilikuwa mimi."

Akanieleza. Wakati wa chai ya ofisini huingia kwenye jina la mama yake kwa kompyuta ya kazini. Nenosiri alilipata mara ya kwanza alipojaribu: Hasali. Anaingia, anasoma, anatoka.

"Nasoma tu. Ugomvi wote wa miaka minne. Namsikia sauti."

"Na Alhamisi ile ulikuwa unataka kuandika nini?"

"Alhamisi ipi?"

"Iliyopita. Zile nukta tatu ziliruka mpaka nikachoka."

Akanitazama. "Alhamisi sikwenda kazini. Niliumwa kichwa, nikalala mpaka mchana. Na mimi sijawahi kuandika hata herufi moja kwa jina lake. Ningeanzaje?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Yeye akauinua mkono wake kutoka kwenye godoro polepole, kama mtu aliyegundua ameshika kitu kisicho chake.

"Basi ni yeye," akasema.

Sikusema ndiyo, wala sikusema siyo. Nilikuwa na viazi vya asubuhi vimeshapoa, nikamsogezea. Akala kimoja akiwa anatazama ukuta. Akala cha pili. Akala vyote, akafuta sahani kwa kidole na kukilamba kama alivyokuwa akifanya mdogo, na machozi yanateremka yenyewe bila yeye kuyashughulikia. Ile barua akaichana vipande vinne.

"Alijua," akasema. "Mama mchokozi yule. Alijua muda wote."

Nikachukua sahani kwenda jikoni. Niliiosha mara mbili. Nilikuwa na furaha isiyolingana na umri wangu.

Niliporudi alikuwa ameileta simu yake karibu na uso, anasoma tena, midomo inacheza.

"Ma'mdogo. Hapa kuna mkato."

"Mkato gani?"

"Huu. Kabla ya lakini."

"Kile kisahihishi hicho. Si unajua kinavyojipenyeza?"

"Kisahihishi kiweke mkato halafu kiziache H?" Hakuinua macho. "Mama aliandika maoni elfu mbili na mia tatu. Nimeyasoma yote, mengine mara tatu. Hakuna mkato hata mmoja. Mama hakuwahi kupumua kabla ya lakini."

"Labda huko aliko kuna walimu."

Siku nyingine angecheka. Akatelezesha kidole, akanigeuzia simu. Ulikuwa ujumbe wangu wa Ijumaa: Njoo kesho, lakini usije na soda. Akausogeza juu. Ujumbe wa mwezi uliopita: Nimepona, lakini mguu bado. Akausogeza tena, nikamwambia inatosha.

"Na Alhamisi pia ulikuwa wewe," akasema.

"Alhamisi si mimi."

Hilo ndilo neno la kweli nililomwambia siku ile, na hilo ndilo hakuliamini.

Ndipo kopo likanguruma chini ya kitanda. Likanguruma tena, nadhani Mama Wawili alikuwa bado anacheka. Asali akainama, akalivuta, akafungua kifuniko, akafunua leso. Simu ya dada ilikuwa imewaka, majibu thelathini na mawili yamejipanga kwenye kioo. Hakuyasoma. Aliibana shavuni, akafumba macho, akakaa nayo hivyo.

"Ina joto," akasema.

"Jua hilo," nikasema. "Kopo nililianika dirishani tangu asubuhi."

Akafumbua macho. Hakulitazama dirisha. Alitazama mlangoni, ambako mwavuli wake ulikuwa bado unachuruzika.